Je, Furaha Hupewa Alama?

Katika mashindano mengi ya bhangra yanayoandaliwa na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na Kanada, karatasi ya jaji huwa na mahali pa uso. Majaji hupima urefu wa magoti, usawa wa mikono, ubunifu wa mipangilio, mchanganyiko wa muziki na unadhifu wa mavazi. Pamoja na hayo hupima kama mchezaji anaonekana kuwa na furaha. Timu inayocheza bila kosa lakini kwa nyuso zilizokunjamana hupoteza alama. Kwa sababu hiyo wachezaji hufanya mazoezi ya kutabasamu kama wanavyofanya mazoezi ya kuruka. Swali la insha hii linatokana na jambo hilo linaloonekana dogo: furaha iliyofanyiwa mazoezi ili ipewe alama ni furaha kweli, au ni uongo uliovaa kilemba? Na kama ni uongo, anayekosea ni nani, anayetabasamu au anayegawa alama?

Nitajaribu kulijibu kwa kuhakiki onyesho moja. Ni la dakika zipatazo nane, la timu ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza, nami nimelitazama kwa video zaidi ya mara ishirini. Timu yenyewe sitaitaja. Wachezaji wake ni wanafunzi wa rika letu wanaosoma mchana na kufanya mazoezi usiku, na hakuna anayewalipa. Isitoshe, mizani baina yangu nao haiko sawa. Wao walicheza mara moja, mbele ya ukumbi uliojaa, miguu ikiwauma. Mimi nimekaa bwenini Kampala na kitufe cha kusimamisha picha. Kitufe hicho kinaweza kumfanya mhakiki mvivu ajione ana macho makali, maana mtu yeyote aliyesimamishwa katikati ya kuruka ataonekana mjinga.

Kwanza bhangra yenyewe. Ni ngoma ya Punjab, nchi ambayo mwaka 1947 iligawanywa kati ya India na Pakistan. Ilichezwa na wakulima wanaume, hasa katika wilaya za Sialkot na jirani zake, wakati wa mavuno ya ngano na sikukuu ya Vaisakhi mwezi wa Aprili. Chombo chake kikuu ni dhol, ngoma yenye umbo la pipa inayoning'inizwa shingoni na kupigwa pande zote mbili. Upande mmoja hupigwa kwa fimbo nene iliyopinda, na mlio wake ni mzito. Upande wa pili hupigwa kwa kijiti chembamba kama ufito. Wachezaji walimzunguka mpigaji. Neno letu lingewafaa sana, kwa kuwa sisi tukisema ngoma hatutenganishi chombo, uchezaji na mkusanyiko wenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya yako mbali naye. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani, na wengi wao walitoka Punjab. Baadhi ya waliobaki ndio mababu wa Makalasinga tunaowafahamu kama mafundi, wajenzi na wafanyabiashara wa mbao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya mji wa Leicester, huko Uingereza, ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende kwao. Maelfu walikwenda hata hivyo. Kuljit Bhamra, mmoja wa watayarishaji wa muziki waliojenga sauti ya bhangra ya Uingereza katika miaka ya 1980, alizaliwa Kenya. Ngoma inayochezwa leo kwenye majukwaa ya Uingereza imebebwa na watu ambao baadhi yao walipitia hapa kwetu, na wengine tuliwafukuza sisi.

Sasa onyesho. Taa zinawaka na tunaona wachezaji kumi na sita, wanaume wanane na wanawake wanane, wamevaa rangi ya machungwa na buluu. Vilemba vya wanaume vimesimamishiwa upindo wa kitambaa kama kipepeo cha mkono. Dakika mbili za kwanza ni za kasi: mikono juu, mabega yakidunda, mguu ukikanyaga pale pale mpigo mzito wa dhol unapoanguka. Hapa sina la kulaumu. Kuruka kwa kasi hiyo huku kiwiliwili kimesimama wima ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na anayebisha ajaribu dakika moja tu nyumbani kwake.

Inafuata sehemu ya saap. Saap ni kifaa cha vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa kupishana, kinachofunguka na kujifunga kama mkasi mrefu wenye mikunjo mingi, na kila kinapojifunga hutoa mlio wa kofi. Saap zilizomo mikononi mwa watu kumi na sita zinajifunga kwa wakati mmoja na unasikia kofi moja tu. Nilipolisikia mara ya kwanza nilirudisha video nyuma nihakikishe kwamba si muziki uliorekodiwa. Usahihi wa namna hii ni heshima. Mtu aliyekesha miezi mitatu ili kofi lake lisipishane na la mwenzake hata kidogo hawezi kuambiwa kwamba anafanya mzaha na utamaduni.

Halafu inakuja jhummar, na hapo ndipo ugomvi wangu na timu hii unapoanzia. Jhummar ni hatua ya polepole. Mwili unayumba, mikono inapepea mbele ya kifua, mchezaji ni kama shamba la ngano lililopitiwa na upepo. Ina madaha, lakini ni madaha ya mtu aliyeshiba na asiyekuwa na haraka. Timu imeipa sekunde zisizozidi arobaini. Na katika sekunde hizo nyuso zimebaki vilevile zilivyokuwa kwenye kuruka: meno yote nje, macho yamekodolewa, shingo imekazwa kuelekea meza ya majaji. Mwili unasema jioni imeingia na kazi imekwisha, uso unasema tafadhali tupeni alama. Ni kama mtu anayekusimulia habari ya bibi yake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Dakika za mwisho ni za sarakasi. Wawili wanapanda juu ya mapaja ya wenzao, fimbo zinazungushwa, ukumbi unapiga kelele. Sina mengi ya kusema hapo. Nimeona timu nyingine zikifanya yaleyale.

Lawama rahisi kuliko zote ingekuwa kusema kwamba hii si bhangra ya asili. Lawama hiyo inapendwa na wazee, na kwa namna ya kuchekesha inapendwa pia na vijana waliojifunza bhangra mwaka jana. Siikubali. Bhangra ya jukwaani, yaani hiyo ambayo wengi huiita ya asili, iliundwa katika miaka ya 1950. Vijana wa mji wa Sunam, wakiwa pamoja na mpigaji dhol Bhanna Ram na ndugu wa ukoo wa Deepak, waliunganisha hatua za maeneo mbalimbali, zikiwemo jhummar na luddi, wakazipanga ziweze kutazamwa na watu waliokaa viti vya mbele. Waliicheza Delhi kwenye sherehe za Siku ya Jamhuri. Tukumbuke ilikuwa miaka michache tu baada ya mgawanyo wa 1947, ambapo Punjab ilipasuliwa, mamilioni wakahama na mamia ya maelfu wakauawa. Hata wilaya ya Sialkot ilikuwa imebaki upande wa pili wa mpaka. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya jukwaani, tabasamu la bhangra lilikuwa limepangwa, lilikuwa mbele ya wakubwa, na lilikuwa usoni mwa watu wenye sababu nyingi za kulia. Anayetaka kuwaadhibu wanafunzi wa leo kwa furaha ya kupangwa itabidi aanze na wale.

Wengine wananijia na lawama ya wanawake, kwamba ngoma hii ni ya wanaume na wanawake wana giddha yao. Wanawake wanane wa timu hii wanaruka juu kuliko wanaume watano kati ya wale wanane. Nimehesabu.

Lawama nzito zaidi ni ile ya uongo. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, The Managed Heart, akaonyesha kwamba kampuni hununua tabasamu lao kama inavyonunua nguvu za mikono. Anayeuza tabasamu kila siku, anadai Hochschild, huweza kufika mahali asijue tena hisia zipi ni zake. Je, mchezaji wetu si yuleyule mhudumu wa ndege, ila yeye halipwi? Kwa upande mwingine yupo Mfaransa Denis Diderot, aliyedai katika karne ya 18 kwamba mwigizaji bora ni yule asiyehisi chochote. Machozi yake yanatoka kichwani, na ndiyo maana anaweza kulia vizuri vilevile kesho na keshokutwa. Kwa Diderot uongo huo ndio sanaa yenyewe.

Naona wote wawili wamesahau jambo ambalo mtoto yeyote aliyelelewa katika Kiswahili analijua. Nikimwamkia mzee shikamoo, hanisaili kama moyoni nimeishika miguu yake. Naye akijibu marahaba simshuku kwamba pengine leo hakufurahi. Salamu si taarifa ya hali ya moyo, ni kitu ambacho mtu humpa mwenziwe. Mtu aliyefiwa humkaribisha mgeni kwa uso mkunjufu, na hakuna anayemwita mnafiki. Tabasamu la mchezaji laweza kuwa la namna hiyo. Laweza kufanyiwa mazoezi, laweza kutoka kwa mtu mwenye malengelenge miguuni na mtihani wa kesho, na bado likawa la kweli kwa sababu linatolewa kwa ajili ya mtu.

Lakini salamu haikamiliki bila anayesalimiwa. Hapo ndipo swali langu linapobadilika. Siulizi tena kama furaha ile imo moyoni. Nauliza inaelekezwa kwa nani.

Nchini kwetu Uganda swali hili tunalijua, hata kama hatuliulizi. Shule zetu hushindana kila mwaka katika muziki, ngoma na maigizo. Nikiwa darasa la sita nilifungwa njuga miguuni, nikacheza runyege, ngoma ya uchumba ya Wanyoro na Watoro. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana mchumba. Mwalimu alisimama pembeni mwa jukwaa, mahali ambapo majaji hawakumwona, akajivuta midomo kwa vidole viwili ili kutukumbusha kutabasamu. Tulitabasamu. Njuga zililia vizuri, shule ikapata kikombe, na nakumbuka kwamba kwa dakika zote zile sikumtazama hata mara moja msichana niliyekuwa nikimchezea. Nilitazama karatasi mikononi mwa jaji wa katikati. Alikuwa akiandika kwa kalamu nyekundu, na kila kalamu ilipogusa karatasi niliongeza meno.

Sisemi kwamba nilidhurika. Nasema ngoma ilikuwa imegeuzwa upande. Runyege ni mazungumzo ya mwanamume na mwanamke, na bhangra ilikuwa mazungumzo ya duara zima na mpigaji wake. Mashindano yanachukua mazungumzo hayo, yanawapanga wasemaji mstari mmoja, na kuwaelekeza wote kwa mtu wa tatu ambaye hatawajibu. Timu ninayoihakiki ina mipangilio mingi, na nimejaribu kuihesabu yote: mistari, pembetatu, umbo la V, mistari inayopishana. Karibu yote inatazama mbele. Dhol yenyewe haipo jukwaani, imo ndani ya mchanganyiko uliotayarishwa kwenye kompyuta. Wale watu kumi na sita hawana wa kumzunguka.

Kuna sehemu moja inayokwenda kinyume na hayo yote. Ndani ya jhummar ile fupi, katika sekunde kama nane, wachezaji wanagawanyika wawili wawili na kugeukiana. Wengi wanageuza mabega tu na kuacha macho kwa majaji. Lakini jozi iliyoko nyuma kushoto inageuka kweli. Mmoja ni kijana mrefu sana, mwenzake ni msichana anayemfikia kifuani. Katika sehemu nyingine zote za onyesho kijana huyu anaruka kuliko wote, na ni wazi ndiye timu inayemtegemea kwa alama za urefu. Hapa anapunguza. Goti lake linaishia pale goti la msichana linapoishia, na mikono yao inashuka pamoja. Nimeisimamisha video mahali hapo mara nyingi, safari hii si kwa ajili ya kutafuta makosa. Wote wawili wanatabasamu, na ni tabasamu dogo kuliko lile la meno. Jaji aliyekaa mbele asingeweza kuliona.

Msomaji ataniambia kwamba nayo ilipangwa. Bila shaka ilipangwa, kugeuka ni sehemu ya ngoma na walifundishwa hesabu yake. Ndiyo sababu nasema mazoezi si adui. Ila kupunguza goti hakutokani na hesabu, kwa kuwa jozi nyingine zenye tofauti ya kimo hazikufanya hivyo. Ni lazima uwe unamtazama mwenzako ndipo ujue uishie wapi. Na kwa gharama gani? Kwenye karatasi ya alama, goti lililoshuka ni goti lililoshuka. Kijana yule alichagua kuonekana mdogo kwa sekunde nane ndani ya shindano ambalo hupewa alama anayeonekana mkubwa.

Hapa naweza kumrudia jaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na tuzo ile ya zamani haikuwa alama. Kwenye taarabu, mtu aliyeguswa huinuka kitini, huenda hadi kwa mwimbaji akicheza mwendo wake, humtuza na kurudi. Katika harusi za Punjab nako jamaa huzungusha noti juu ya kichwa cha anayecheza, kisha humpa mpigaji dhol. Anayetuza anaonekana, na yeye mwenyewe amekwisha kuwa sehemu ya ngoma. Sitaki kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Mwenye pesa ndiye mwenye sauti, na mcheza ugenini, kama methali yenyewe inavyodokeza, aweza kurudi mikono mitupu. Jaji mgeni mwenye karatasi anaweza kumtendea haki mtoto wa maskini kuliko shangazi mwenye noti. Kwa hiyo sisemi majaji waondolewe. Nasema kuna kitu kimoja ambacho jaji hana haki ya kukipima, nacho ni tabasamu. Akilipa tabasamu alama, anajifanya yeye ndiye anayesalimiwa, ilhali salamu haikuwa yake.

Badala yake apime nini? Napendekeza apime usikivu: kama wachezaji wanasikilizana, wanangojana, wanapeana nafasi. Najua pingamizi litakalokuja. Mwaka utakaofuata timu zote zitafanya mazoezi ya kugeukiana kila baada ya mipigo minane, na tutakuwa tumerudi kulekule. Pingamizi hilo ni zito, lakini nadhani halifiki mwisho. Mtu anaweza kuiga tabasamu bila ya kuwa na mtu yeyote mbele yake, hata mbele ya kioo. Hawezi kuiga kumngoja mwenziwe bila ya kumngoja. Anayejifanya kulinganisha goti lake na la msichana yule, na akafaulu, amekwisha kulilinganisha. Aristotle alisema tunakuwa wenye haki kwa kutenda mambo ya haki. Sina hakika kama hilo ni kweli kwa watawala, lakini kwa wachezaji naona ni kweli kabisa.

Ningekuwa jaji wa siku ile, saap ningewapa alama zote. Sarakasi ningewapa nusu. Kwa jhummar ningewaandikia maneno badala ya namba: iongezeni ifike dakika moja na nusu, msitazame huku, na mumlete mpigaji dhol hai asimame katikati yenu, hata kama atawaziba baadhi yenu majaji wasiwaone. Mpango wa jozi upangwe upya, na jozi ya nyuma kushoto isiletwe mbele. Wakiletwa mbele mtu atawaambia watabasamu.